Nilivyoipoza injini ya rotari kwenye chombo changu cha maji, barabara na anga

Watu wa Sahare wanakiita "lile dude". Ni ndege ya viti viwili ninayoiunda uani kwangu hapa Tanga: tumbo lake ni la boti, magurudumu yanapanda na kushuka, mabawa yanakunjwa ubavuni. Haijaruka, na haitaruka mpaka Mamlaka ya Usafiri wa Anga iikague. Majini inakwenda, na ni huko injini iliponitoa jasho.

Injini yenyewe ni rotari, 13B ya Mazda, iliyotoka kwenye gari la RX-8 lililogongwa. Gari hizo zikichoka huuzwa kwa bei ya kutupa, maana mafundi wengi wanazikwepa. Ukiifungua hukuti pistoni wala valvu, bali rota mbili za pembe tatu, na kila rota ikimaliza mzunguko mmoja shafti imeshazunguka mara tatu. Mjerumani Felix Wankel ndiye aliyeiasisi, na ya kwanza iliwaka katika kampuni ya NSU mwaka 1957. Mwaka 1991 Mazda wakashinda mbio za magari za Le Mans kwa injini ya aina hii. Mimi nilipenda kwamba ni fupi, nyepesi kwa nguvu zake, na ina vitu vichache vya kukatika. Propela haiwezi mwendo wa shafti ile, kwa hiyo katikati ipo gia ya 2.85 kwa 1: shafti ikifika 7,000 kwa dakika, propela inazunguka kama 2,450.

Kasheshe ni joto. Rotari inapeleka joto jingi kwenye oili kuliko injini ya kawaida, kwa sababu oili ndiyo inayopoza rota kwa ndani. Ukiweka rejeta kubwa ya maji na kupuuza ya oili, umejidanganya.

Mzee mmoja fundi wa boti alikuja kuniangalia. Baada ya shikamoo akacheka: "Mwanangu, bahari yote hii unahangaika na rejeta? Vuta maji ya chumvi kama mashine za boti." Nikamwambia, "Mzee wangu, humu ndani kuna alumini na chuma cha kusubu vimebanwa pamoja. Chumvi ikipita katikati, alumini inaliwa." Alinyamaza, kisha akasema basi niombe upepo.

Na upepo ndio wenyewe. Ukikokota chombo polepole majini huku kusi inakusukuma kwa nyuma, mbele hakuna hewa ya kuingia kwenye rejeta, na gaji ya oili inapanda huku unaitazama. Nilichofanya ni kuitumia propela. Yangu iko nyuma ya injini, inasukuma. Nikahamisha tundu la kutolea hewa ya rejeta mpaka mbele kidogo tu ya propela, nayo ikawa inaifyonza hewa ile hata chombo kikiwa kimesimama.

Mlango wa kuingilia niliufanya mdogo, njia ikatanuka taratibu hadi kwenye rejeta, kwa sababu hewa inayopunguza mwendo inabeba joto vizuri zaidi na haikivuti chombo nyuma. Nilibandika nyuzi kwenye kuta za njia hiyo nione hewa inavyokwenda. Kwanza nilijaribu katani (Tanga bila mkonge?), ikawa ngumu mno. Nyuzi za kufumia za mke wangu zilifaa: zilipolala zimenyooka, hewa ilipita sawa; kwenye kona ya juu zikawa zinajirudi kinyume. Nikaijaza kona ile faiba, nikapiga msasa, zikalala zote.

Sasa nikipiga mbio ghuba ya Tanga asubuhi maji yakiwa yamejaa, oili inatulia kwenye nyuzi joto 95. Nikitoka namwagia rejeta maji ya bomba, kila safari, bila uvivu.

Ekzosi bado ni kesi. Moshi wa rotari ni mkali, chuma cha kawaida kinageuka chekundu kisha kinapasuka. Nimehamia stenlesi, na majirani bado wananikumbusha kelele.

Barabarani rotari naizima kabisa. Magurudumu yanaendeshwa na injini ndogo ya bajaji. Kuna wanaosema nimeongeza uzito bure, lakini rotari ikikaa sailensa (inanguruma bila kwenda) kwenye foleni inakunywa mafuta na kuchemsha bila kazi, na sitaki propela iwe inazunguka karibu na watoto wa watu.