Vitamini C na jongo langu

Usiku ule hata shuka sikulivumilia. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilivimba, kikawa chekundu na kung'aa, na shuka likikigusa tu nasaga meno. Maumivu yalipotulia nikaanza vitamini C, miligramu 500 kila siku, maana nilisikia inasaidia figo kutoa asidi ya yuriki, ile ambayo ikizidi kwenye damu ndiyo huleta jongo.

Inasaidia kweli, ila kidogo mno. Baada ya miezi miwili kipimo changu cha asidi hiyo kwenye damu kilitoka 9.1 kikafika 8.7, na mwenye jongo anatakiwa awe chini ya miligramu 6 kwa desilita. Daktari akaniandikia alopurinoli, dawa ya kushusha asidi hiyo, tukaanza na miligramu 100, tukapandisha taratibu huku damu ikipimwa. Sasa niko 5.6.

Jamani, msiongeze vitamini C kwa pupa. Ikizidi sana inaweza kuleta mawe kwenye figo. Na someni lebo za vidonge vingine. Mimi nilikuwa nameza pia niasini, yaani vitamini B3, ambayo kwa dozi kubwa hupandisha asidi ileile. Nilipojua, iliniuma sana. Miezi yote ile nilikuwa naimeza kwa imani, kila asubuhi, kabla ya chai.