Manyoya ya kuku na presha yangu

Ziwa Tanganyika lilivofungwa watu wasivue 2024, kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, biashara yangu ya dagaa hapa Kigoma ilisimama na usingizi nao ukakata, nalala saa sita naamka saa nane moyo unadunda, nawaza mkopo mpaka adhana ya alfajiri. Kupima presha nakuta 150 kwa 100. Nikaanzishiwa dawa na nameza mpaka leo, asije mtu akaacha dawa zake kwa sababu ya haya ninayoandika.

Ila usingizi nimerudishiwa na mjomba. Na yeye hakuwa na kazi kipindi hicho, akawa anashinda barazani kwake Ujiji anafunga ndoano za kuvulia samaki aina ya mgebuka, zile za manyoya meupe ya kuku, maana mgebuka chakula chake dagaa, na nyoya likichezeshwa majini linametameta kama dagaa. Nikamwamkia, akaniitikia, afu akanipa ndoano na uzi wa cherehani. "Kaa hapo mpwa wangu, simu weka ndani."

Jamani kile kitu kinataka utulivu! Ndoano umeibana kwa vidole viwili, nyoya umelikandamiza na kidole gumba, uzi unauzungusha mara saba nane, ukilegeza kidogo nyoya linageuka lote, ukivuta kwa hasira uzi unakatika unaanza upya. Ya kwanza ilinila karibu nusu saa, lakini nilivoinua kichwa nikashtuka kumbe mkopo sijauwaza hata mara moja na pumzi inaenda taratibu yenyewe.

Baadae nikasoma habari za Herbert Benson, daktari wa moyo wa Harvard, yeye miaka ya 1970 alieleza kwamba mtu akituliza akili akarudia kitu kimoja, iwe neno iwe dua, mapigo ya moyo yanashuka, pumzi inashuka, misuli inalegea. Na kule Marekani tangu 2005 kuna Project Healing Waters, wanawafundisha wanajeshi waliojeruhiwa kuvua na kufunga ndoano za manyoya kama hizi hizi za mjomba. Nilifurahi sana kusoma hivo.

Sasa ziwa lipo wazi na dagaa nauza, ila baada ya isha lazima nitoe kopo langu la ndoano. Binti yangu ananichambulia manyoya, marefu huku mafupi kule, hatuongei sana. Jana tumefunga kumi na mbili, mjomba kakagua zote kwa tochi, kakata mbili tu.