Kabla ya Kuziba Shimo, Tafuta Maji

Mhandisi kijana anayeanza kazi ya barabara za mitaa Nairobi huyaona mashimo kwanza, maana ndiyo wananchi wanayolalamikia. Nakuomba uanze na maji. Nenda pale mvua inaponyesha, simama dakika kumi, uone yanatoka wapi na yanakwama wapi.

Barabara ya upana wa mita 7 inahitaji mgongo: mteremko wa asilimia 2.5 kutoka katikati, yaani ukingo uwe chini kwa karibu sentimita 9. Viraka vikirundikana, mgongo hupotea na maji hutuama. Yanapenya kwenye nyufa hadi kwenye kokoto, kisha kila tairi la matatu linalopita huyakamua yatoke na chembe laini zilizoishikanisha kokoto hiyo. Hapo lami haina tena cha kuegemea.

Kiraka chenyewe kina utaratibu wake. Chora mstatili unaozidi sehemu iliyoharibika kwa sentimita 10 kila upande, ukate kingo wima. Chimba hadi pagumu. Sururu ikizama kwa urahisi, endelea. Toa vumbi na maji yote, shindilia kokoto mpya chini, kisha pakaa lami ya majimaji sakafuni na kwenye kuta. Usiimwage ikatuama, kwa sababu ikizidi kiraka huteleza na lami huchuruzika juu wakati wa jua. Shimo la mita 1.2 kwa 0.8, lenye lami ya sentimita 5, hula takriban kilo 115 za asfalti ya moto. Anza kushindilia kingoni ukielekea katikati, umalize kiraka kikiwa juu ya barabara kwa milimita chache.

Kinachoharibu zaidi ni baridi. Lori likikwama kwenye foleni ya Jogoo Road bila turubai, mzigo hufika umepoa. Ukishuka chini ya nyuzi 90 hivi haushindiliki, hata ukipitisha mashine mara 20. Urudishe. Ni uamuzi mgumu mbele ya vibarua wanaosubiri, lakini kiraka hicho kitabomoka tu.

Upande wa Embakasi na South C kuna udongo mweusi, ule unaofura ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Ukiona nyufa ndefu sambamba na ukingo, hapo viraka havisaidii. Udongo huo uondolewe na kujazwa changarawe nzuri, au uchanganywe na chokaa baada ya vipimo vya maabara, na mtaro wa kando uzuiwe kuvuja.

Kileleshwa na Kilimani shida ni nyingine. Mvua ya milimita 60 kwa saa juu ya hekta moja ni lita 167 kila sekunde. Palipokuwa na nyumba moja na bustani, mtaroni zilifika lita 50 hivi. Maghorofa na kabro (matofali ya zege ya kutandaza chini) yakishafunika kiwanja, hufika 130 na zaidi, na mtaro ni ule ule. Mchoro wa jengo unapopita mezani kwako, dai hesabu ya maji ya mvua kabla hujatia sahihi.

Uliza pia barabara ni ya nani. Mombasa Road ni ya KeNHA (mamlaka ya barabara kuu za kitaifa), nyingine ziko chini ya KURA (mamlaka ya barabara za mijini), na nyingi za mitaani ni za kaunti. Na kama maji yanayotuama yananuka, pengine chemba ya maji taka imeziba: iite kampuni ya maji kwanza, lami baadaye.

Mitaro isafishwe Januari na Februari, kabla ya mvua ndefu za Machi. Kalvati, yaani mabomba yanayopitisha maji chini ya barabara, zikaguliwe pande zote mbili, maana mdomo unaweza kuwa safi na tumbo limejaa. Tope linalotolewa lipakiwe lorini siku hiyo hiyo. Likiachwa ukingoni, mvua ya kwanza hulirudisha lote mtaroni.