Vumbi la Dodoma na kamera tisa
Jana jioni nilipanda kilima cha nyuma ya nyumbani na mdogo wangu. Juu ya vichwa vyetu anga lilikuwa la buluu safi. Lakini upande wa Bahi, kwenye upeo, kulitanda ukungu mwekundu: vumbi la kiangazi na moshi wa mashamba yanayochomwa. Akaniuliza, "Kaka, kwani vumbi liko kule tu?"

Liko hata hapa juu yetu. Ila ukitazama kwa mshazari, jicho linapita kwenye hewa nyingi zaidi, na vumbi jembamba linajitokeza.

Nikamweleza habari za MISR, chombo ninachokipenda mno, kilichomo kwenye setilaiti ya Terra iliyorushwa na NASA Desemba 1999. Kina kamera 9: moja inatazama chini wima, 4 mbele, 4 nyuma. Zile za mwisho kila upande huitazama ardhi kwa mshazari wa nyuzi 70.5 kutoka wima, hivyo mwanga unaozifikia umepita kwenye hewa karibu mara 3 ya ule unaofikia kamera ya wima. Setilaiti inavyosonga, ndani ya dakika 7 hivi, zote tisa zimeshapiga picha mahali palepale.

Kwa kulinganisha pembe hizo, kama macho mawili yanavyopima umbali, wataalamu hupata hata kimo cha moshi. Na kimo kina maana kubwa, jamani! Moshi uliopanda juu husafiri mbali. Uliobaki chini ndio tunaouvuta. Mama yetu ana pumu, Septemba nyingine hulala ameketi.

Picha za MISR hutolewa bure. Leo nimeanza kupakua za eneo letu, nimeanza na za Septemba.