Kabla hujaipenda hiyo kazi, nenda ukaione ikifanyika

Juzi mdogo wangu wa mwaka wa pili kanipigia simu, sauti iko chini kabisa, ananiambia dada mi nahisi nimechagua kozi siyo. Nikamuuliza, umeshawahi kukaa na mtu anayeifanya hiyo kazi, hata siku moja tu? Kimya. Hapo ndo nikaona niandike, maana wanafunzi wengi nimewauliza hilo swali na jibu lao ni hicho hicho kimya.

Mi nilisoma uhasibu. Kichwani mwangu mhasibu ni mtu wa kukaa peke yake na namba zake, na kwa vile ni mkimya nikasema hii ndo yangu. Likizo ndefu ya mwaka wa pili nikamuomba odita mmoja, yaani mkaguzi wa hesabu, jirani wa rafiki yangu, nikae pembeni yake siku nzima nimuangalie. Asubuhi kaweka mezani faili nene la risiti, anachukua moja moja anaioanisha na vocha yake, ile karatasi ya kuidhinisha malipo, anatia tiki kwa kalamu ya kijani, ikikosa mwenzake anaikunja kona anaitenga. Kufika saa sita zilikuwa zimetengwa 11. Nikadhani baada ya chakula ndo ataanza kupiga hesabu, kumbe mchana wote ni kuzunguka kwa watu na zile 11, hii nani aliidhinisha, mzigo nani aliupokea, mbona malipo yametangulia mzigo? Kuna mmoja alikasirika mpaka akasimama, yule odita akavuta kiti akakaa, akaanza upya taratibu bila kupandisha sauti mpaka karatasi ikaonekana. Yaani kazi niliyoijua ni ya namba nusu yake ilikuwa maongezi, tena magumu, na mi mkimya nikajikuta nimeupenda mchana kuliko asubuhi. Kozi sikubadili, ila fildi niliomba upande wa oditi na sijajuta.

Yale madodoso ya kwenye intaneti ya kupima unafaa kazi gani siyakatai. Mengi yana asili kwa John Holland, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye 1959 alitoa nadharia ya makundi sita: wa vifaa na mikono, wachunguzi, wa sanaa, wa kuhudumia watu, wa kushawishi na kuongoza, na wa mpangilio na kumbukumbu. Yanakupa maneno ya kujieleza, na hilo si dogo. Ila yanakuuliza unapenda nini, na mtu utapendaje au utachukiaje kitu hujakiona? Frank Parsons, aliyeanzisha ofisi ya ushauri wa kazi kule Boston mwaka 1908, alisema jijue, zijue kazi, halafu pima kwa akili jinsi hivyo viwili vinavyokutana. Wengi tunakazana na la kwanza tu.

Sasa unampataje huyo mtu? Sio lazima awe ndugu wala rafiki. Mark Granovetter, mwanasosholojia, 1973 aliandika kuhusu wafanyakazi waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, na kati yao walioonana na huyo mtu mara kwa mara walikuwa chini ya 17 kwa 100, waliobaki ni wa kuonana mara moja moja au kwa nadra. Ukifikiria ni kweli, rafiki yako wa chumbani anajua yale yale unayoyajua wewe. Kwa hiyo mtumie meseji yule aliyemaliza miaka mitatu kabla yako, au mzazi wa mwenzako, fupi tu, mimi ni fulani, nasoma hiki, naomba dakika 20 nikuulize kuhusu kazi yako. Kazi usiombe hapo. Na usimuulize kazi yako ikoje, atakujibu nzuri basi, muulize jana ulivyofika ulianza na nini, kisha nini, kipi kilikuchosha, kipi ukiambiwa usifanye tena utakimiss. Akikubali muombe na siku moja ya kukaa pembeni yake.

Mdogo wangu ameshatuma meseji tatu, mmoja kamjibu, wanaonana alhamisi. Jana usiku kanitumia maswali yake matano nimuangalizie, la kwanza lilikuwa mshahara, nimemwambia alipeleke mwisho lakini asije akaliacha.