Nilivyoisimamisha keki ya cherehani

Katika kundi letu la marafiki, keki za sherehe ni kazi yangu. Siuzi. Naokea jikoni kwangu na kupambia mezani kwangu, kwa watu ninaowajua vizuri. Nimeshawatengenezea gitaa, kiatu cha mpira, kitabu kilichofunguliwa. Watu hutazama rangi na mapambo kwanza, na mimi pia nayapenda sana, lakini keki ya umbo husimama au huanguka kabla hata fondanti, lile donge la sukari linalosukumwa kama chapati kuivika keki, haijafunguliwa. Hilo nililiona wazi kwenye keki ya cherehani.

Ilikuwa ya rafiki yangu fundi wa nguo, aliyekuwa anatimiza miaka 40. Mdogo wake alinijia kwa siri. "Dada, safari hii maua basi," akaniambia. "Tumfanyie kitu ambacho akikiona tu atajua ni chake." Nikamwomba anipigie picha za cherehani yenyewe, mbele, nyuma na ubavuni. Ni ile ya zamani, nyeusi, yenye nakshi za dhahabu na gurudumu la kuzungusha kwa mkono.

Picha zilipofika nilitafuta jambo moja tu: uzito unakaa wapi? Cherehani ina kitako, ina nguzo, halafu ina mkono unaotokeza kando hadi kwenye sindano, na chini ya mkono ule hakuna kitu. Chuma kinaweza kuning'inia hivyo. Keki itapasuka. Wapo wanaopitisha bomba au waya ndani, na keki inasimama vizuri, ila mimi sipendi kumkatia mtu kipande chenye chuma katikati. Nikazirudia picha. Katika kila moja kulikuwa na kitambaa chini ya sindano, kimejikunja na kujaa, kwa sababu cherehani ya rafiki yangu haikai bure. Basi jibu lilikuwa pale pale! Lile lundo la kitambaa lingekuwa keki pia, na lingeubeba mkono kwa upande wa pili. Furaha niliyoipata hapo haikupungua hadi siku ya sherehe.

Nilichora cherehani kwenye karatasi kwa kipimo kamili cha keki, nikakata patani kama fundi mwenyewe anavyokata, kila sehemu ya cherehani na karatasi yake. Unga, sukari na siagi nilivipima kila kimoja kwa uzito sawa na wa mayai. Keki ya namna hiyo ni nzito na chembe zake zimeshikana. Sponji laini ni tamu, lakini kisu kikipita inabomoka. Niliioka kwa nyuzi 160 badala ya 180, polepole, ili ipande sawasawa bila kuvimba katikati. Ikapoa, nikaifunga kwa plastiki na kuilaza kwenye friji usiku kucha. Keki baridi inachongeka. Unaweka patani juu, unashika kisu cha meno, unatoa vipande vyembamba kuanzia juu kushuka, na kila mara unarudi nyuma hatua moja kutazama. Makombo sikuyatupa. Niliyafikicha na krimu ya siagi kidogo yakawa udongo wa kufinyangia, na kwa huo nikaziba mapengo na kuviringisha kona za mkono.

Sasa kuunganisha. Chini ya mkono niliweka kibao chembamba cha kuwekea keki, kilichokatwa kwa umbo lile lile, ili uzito ukae juu ya kibao. Ndani ya nguzo na ndani ya lundo la kitambaa nilichomeka mirija minene, yote imekatwa urefu mmoja. Mirija ndiyo inayobeba, keki inaizunguka tu. Urefu ukitofautiana hata kidogo, mkono unalala upande, kwa hiyo niliipima yote kwa pamoja mezani kabla ya kuichomeka. Mwisho, vijiti vya mishikaki kutoka juu ya mkono, kupitia tundu nililotoboa kwenye kibao, hadi ndani ya nguzo, kuzuia kuteleza.

Nikaipaka ganashi ya chokoleti nyeusi, sehemu mbili za chokoleti kwa moja ya krimu kwa uzito. Ikishaganda inakuwa ngumu kiasi cha kushika kona kali, jambo ambalo krimu ya siagi hailiwezi kwenye joto.

Kwa fondanti nyeusi nina ushauri mmoja: usianze na nyeupe. Utamimina rangi hadi iwe chungu na bado itakuwa ya kijivu. Mimi huanza na fondanti ya chokoleti, naongeza rangi ya jeli kidogo, naikanda, naifunga na kuiacha hadi kesho yake, maana rangi huzidi kukolea ikikaa. Niliisukuma unene wa milimita 4 hivi na kuivisha keki kwa vipande, kiungo baada ya kiungo, mishono yote ikiangukia upande wa nyuma.

Gurudumu na vifundo vidogo nilivitengeneza siku kadhaa mapema kwa fondanti iliyochanganywa na unga wa tailosi, kijiko cha chai kimoja kwa gramu 250, vikakauka vikawa vigumu. Sindano ni uzi wa tambi kavu uliopakwa rangi ya fedha. Kitu chenye ncha ya kweli hakiingii kwenye keki yangu, hasa penye watoto.

Nakshi za dhahabu nilizichora kwa brashi nyembamba, vumbi la dhahabu likiwa limelainishwa kwa esensi ya ndimu yenye alkoholi. Maji yanayeyusha fondanti, alkoholi inakauka mara moja. Na vumbi hilo soma lebo yake: liandikwe kwamba linalika. Kuandikwa kwamba halina sumu hakutoshi, kwani mengine ni ya pambo tu, ya kutolewa kabla ya kula.

Kwenye kitambaa ndiko nilikokaa muda mrefu zaidi. Nilisukuma fondanti hadi ikakaribia kupitisha mwanga, nikaichora maua madogo ya gauni analolipenda, kisha nikaiachia ijikunje yenyewe juu ya lundo. Mshono nilipitisha kwa kile kigurudumu cha meno wanachotumia mafundi kuhamishia alama, kipya, kilichooshwa vizuri. Ukaacha vitundu vilivyopangana sawasawa hadi chini ya sindano.

Keki ilisafiri kwenye sakafu ya gari, si kitini, ikiwa juu ya mkeka wa mpira. Sikuirudisha friji baada ya kuivisha, maana ikitoka inatoka jasho na nyeusi ingechuruzika. Rafiki yangu alipoiona aliinama kwenye mshono, akaufuata kwa kidole bila kuugusa, akasema, "Shoga, huu umenyooka."

Kabla ya kukata, niliuondoa mkono wote na kibao chake, nikachomoa mirija na vijiti, nikavihesabu kwenye sahani kulinganisha na idadi niliyoiandika jikoni. Ilipotimia, nikamkabidhi kisu.