Bawa Lililofika Pemba

Mwezi Juni 2016 kipande kikubwa cha bawa la ndege kilipatikana ufukweni Pemba, na miezi mitatu baadaye wachunguzi wa Australia wakathibitisha, kwa namba zilizokuwa ndani yake, kwamba kilitoka katika ndege ya Malaysia iliyopotea tarehe 8 Machi 2014 ikiwa na watu 239, safarini kutoka Kuala Lumpur kwenda Beijing. Bahari ilituletea ushahidi hadi mlangoni, bila mtu kuulipia hata senti. Tangu hapo nafuatilia utafutaji huu kama anayefuatilia habari za jamaa yake, na kila tangazo huniacha na uchungu uleule.

Siwalaumu mabaharia. Setilaiti iliwapa tao refu katika Bahari ya Hindi, yaani mstari uliopinda ambao ndege ingeweza kuwa popote karibu nao, haikuwapa mahali. Hata hivyo Australia, Malaysia na China zilipekua kilomita za mraba 120,000 za sakafu ya bahari, kilomita kadhaa chini ya maji, wakakuta hata mabaki ya merikebu za karne ya 19. Desemba 2016 wataalamu wakasema ndege huenda iko kaskazini zaidi, katika eneo la kilomita za mraba 25,000. Januari serikali zikasimamisha kazi kwa hoja kwamba hapakuwa na mahali mahususi pa kutafuta. Hilo liliniudhi mno. Kisha mwaka 2018 kampuni ya Ocean Infinity ikalipekua eneo hilo na mengine mengi, nayo ikarudi mikono mitupu, nikabaki sijui nimkasirikie nani.

Ninachokataa ni kuhesabu sehemu iliyopitiwa kuwa imekwisha. Ndege ya Air France iliyoanguka Atlantiki mwezi Juni 2009 ilitafutwa mara ya kwanza kwa kusikiliza milio ya visanduku vyeusi. Meli zilipita eneo lenyewe, hazikusikia kitu, na utafutaji ukahamia kwingine. Aprili 2011 mabaki yalikutwa huko huko, kwenye kina cha mita 3,900 hivi.

Machi 2025 Malaysia ilitia saini mkataba mpya na Ocean Infinity, wa dola milioni 70 zitakazolipwa ndege ikipatikana tu, na mapema Aprili kazi ikasimama kwa sababu ya msimu. Kila meli zinaporudi kutafuta, natamani zisiogope kupita tena palepale zilipokwisha kupita, hasa kwenye makorongo na nyuma ya miamba, ambako sona, kifaa kinachopekua sakafu ya bahari kwa sauti, huacha kivuli.